Ganzi Iliyopanda Mpaka Shingoni

Mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu niliyaingia bila kuogopa. Na shimo letu lilikuwa refu, msinione hivi. Ukidondosha jiwe asubuhi, unakunywa uji, unavuta sigara, unagombana na mtu mnapatana, ndipo unasikia "pu!" kule chini. Nimelala porini Geita fisi ananinusa nyayo, nikamwambia asogee, ananiharibia hewa. Kwa hiyo mkisikia kwamba niliogopa sindano, tena sindano nyembamba kama mguu wa mbu, msicheke haraka. Ngojeni kwanza niwaeleze dawa yake ilikokwenda.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Uhuru bado hata hatujaanza kuuota. Kazi yangu ilikuwa kuvuta kamba. Wenzangu wanachimba chini, wanajaza mawe kwenye ndoo, mimi juu navuta. Siku moja wale mabwana wakajaza ndoo kama wanahama nyumba. Nikavuta, nikasikia kwenye kinena kitu kimesema "pwata", kama ukuta wa udongo mbichi. Nikaangalia, nikakuta kinundu. Nikakisukuma, kikarudi ndani. Nikasema, haya, kumbe kina adabu.

Ilikuwa ngiri. Kwanza ilikuwa kama ndimu, ikawa kama embe, mwisho ikawa kama papai la Ukerewe, na mimi natembea nimeishikilia kwa mkono kama mtu anayepeleka kuku mnadani. Kambini kila mtu alikuwa daktari. Huyu anasema nifunge mkanda wa ngozi ya ng'ombe, yule anasema nisile viazi, mwingine anasema nilale miguu juu ya ukuta. Nikafanya yote. Halafu siku moja ikatoka asubuhi ikakataa kurudi mpaka jua limepinda, na mimi nimekunjamana chini natapika nyongo. Ilipokubali kurudi, msimamizi akaniambia, "Wewe, siku nyingine haitarudi, na wewe utakwenda. Panda lori."

Nikapanda lori la pamba, tukapitia Kahama, vumbi lile nikashuka Shinyanga mweupe kama Mzungu, watu wakanipisha njia. Kule kulikuwa na hospitali ndogo ya daktari Mzungu aliyesifika kwa kisu. Na nilikuwa na sababu nyingine. Mke wangu alikuwa amekwenda kwao upande wa Mhunze, si mbali na Shinyanga, tumbo limefika puani, anangoja kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Nikasema nishonwe, nipone, nimkute.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Katika hospitali ileile, wodi ya wazazi, mama mkwe wangu alikuwa mhudumu.

Sasa wewe usiyekuwa Msukuma utasema, si vizuri, una ndugu hospitalini? Sikiliza. Kwetu enzi zile mkwe wako hamwangaliani usoni. Ukimwona anakuja njiani unaingia porini, kuna miba kuna nyoka, unaingia hivyohivyo. Huli mbele yake. Jina lake halikutoki mdomoni. Mimi tangu nimuoe binti yake nilikuwa naijua sauti yake tu, maana alikuwa akinisalimia akiwa upande wa pili wa ukuta. Sura sikuijua kabisa. Angepita sokoni kimya ningemuuzia kuku.

Kwa hiyo nilipofika, hata kabla ya kuonyesha ngiri, nilimvuta pembeni dresa, yaani yule msaidizi wa daktari anayechoma sindano na kufunga vidonda. Nikamwambia, "Ndugu yangu, wodi ya wazazi kuna mama fulani. Ni mkwe wangu. Nakuomba nisikutane naye humu ndani."

Akaniangalia. "Wewe Msukuma?"

"Msukuma."

"Mimi Mgogo."

Mgogo ni mtani wetu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya baba yako na baba yako akacheka. Ana ruhusa ya kulala kaburini mwako akataka alipwe ndipo atoke. Katika madresa wote wa Tanganyika, mimi nimeangukia Mgogo.

"Usiwe na wasiwasi, mtani," akasema. "Wodi ya wazazi iko kule, chumba cha kupasulia kiko huku. Hamwezi kukutana. Labda kama na wewe umekuja kuzaa. Hebu lione tumbo hilo! Mapacha?"

Basi huyo ndiye aliyenipeleka kwa daktari.

Daktari alikuwa mrefu hata akiingia mlangoni anapiga saluti kwanza. Kiswahili chake kizuri kuliko changu, kasoro kilipitia puani. Akaniminya kinena, akasema ngiri hii inapasuliwa kesho kutwa. Akanisikiliza kifua kwa ile mipira yake ya masikioni, akaniambia nikohoe. Nikakohoa. Kikohozi cha shimoni mnakijua, ukikianza kinajiendeleza chenyewe. Nikakohoa mpaka mbuzi wa nje wakakimbia.

"Kifua chako kimejaa vumbi la mawe," akasema. "Sitakupa dawa ya kulala, itakusumbua kifua. Nitakuchoma sindano ya mgongo. Utakufa ganzi chini tu. Juu utakuwa macho."

"Macho, bwana daktari? Nikuone unavyonikata?"

"Tutaweka shuka, hutaona."

"Na nitasikia?"

"Utasikia mimi naongea."

"Na huyu?" Nikamnyooshea mtani.

"Huyu lazima utamsikia," akasema daktari. "Sisi sote tunamsikia."

Halafu akaniambia nisimame ukutani. Akanitazama toka unyayo mpaka utosini, na safari ya macho yake haikuwa ndefu. Mimi ni mfupi, sikatai, ila si mfupi wa kusemwa. Akamgeukia mtani, akasema, "Huyu mfupi. Tumpunguzie dawa."

Hebu fikiria mwenyewe. Mtu anakwenda kukukata tumbo uko macho, halafu unasikia anasema dawa ya kuzuia maumivu ipunguzwe! Nikasema, "Bwana daktari, usinipunguzie. Mimi mfupi kwa nje. Nakula ugali wa watu watatu."

"Ugali hauendi mgongoni."

"Nipe hata ya mtu mrefu na nusu. Niongezee, nitavumilia."

Akacheka, akakaa juu ya kiti, akanieleza. Na kosa la kwanza ni hilo, kunieleza, maana asingenieleza ningelala usingizi wangu.

Akasema ndani ya mgongo kuna maji kidogo, yamezunguka ule uti. Dawa yake ni nzito kuliko maji yale. Ikiingia inazama, inafuata mteremko. Mtu ukikaa inatelemkia makalioni. Ukilala kiubavu inashika ubavu wa chini. Ukilala kichwa kikiwa bondeni, inatelemka kuelekea kichwani. Mtu mrefu njia yake ndefu, mfupi inafika upesi. Mama mwenye mimba naye hupunguziwa, kwa sababu tumbo linabana nafasi ile na dawa inapanda mbio. Na ukikohoa au ukijikamua vibaya, mtu hajui itarukia wapi.

"Naitaka ifike hapa," akanigusa kitovuni, halafu juu kidogo. "Isipite chuchu."

"Ikipita chuchu?"

"Kifua kinachoka kuvuta hewa."

"Kikichoka?"

"Tunakusaidia kuvuta."

Mtani akadakia, "Mimi ndiye nitakayekusaidia, mtani. Na mimi mchana nina usingizi."

Nikauliza, "Lakini ukipima vizuri inasimama pale unapotaka?"

Hapo daktari akakuna kidevu. Afadhali angedanganya. Akasema, "Kwa kawaida. Lakini watu wawili wanaofanana, kiasi kilekile, mmoja inamshika miguu tu, mwingine inampanda. Sababu zote hatuzijui."

Mimi jambo hili nililielewa kuliko alivyodhani. Sisi tulikuwa tunaosha mchanga wa dhahabu kwenye karai. Unatia maji, unainamisha kidogo, unatikisa. Kilicho kizito kinazama na kinafuata mlalo. Ukiinamisha huku kinakwenda huku. Mkono ukiteleza, dhahabu yako yote inaishia mahali usipopataka. Kwa hiyo mpaka siku ya kupasuliwa mimi sikujiona mtu tena, nilijiona karai. Nikitembea natembea wima. Nikiinama kuokota kitu nachuchumaa kwanza, na sindano yenyewe bado sijachomwa! Wagonjwa wenzangu wakawa wanauliza, huyu ngiri yake iko shingoni?

Siku ikafika. Asubuhi, jua zuri, ndege wanalia, mambo yote yamejifanya ya kawaida. Wakaniingiza chumba cha kupasulia. Katikati kuna meza nyembamba, na pembeni yake mkono wa chuma wa kuzungusha. Mtani akauzungusha, meza ikainama. Akauzungusha tena, ikainuka. Akaniangalia kwa furaha. "Umeona, mtani? Nikikosa shabaha hapa, ganzi inakuingia kwenye ulimi. Wasukuma wangepumzika."

"Usinitanie leo," nikasema.

"Leo ndiyo siku yenyewe. Kesho nitamtania nani kama hupo?"

Wakanikalisha juu ya meza, miguu inaning'inia, nimekumbatia mto, mgongo nimeupinda kama paka aliyeona mbwa. Mtani amenishika mabega. Kitu cha baridi kikanipakwa kiunoni. Daktari akasema, "Usitikisike. Usikohoe."

Jaribu wewe kuambiwa usikohoe na una vumbi la Nyarugusu kifuani. Kikohozi kilikuwa kimelala, kikaamka kusikia kinatajwa. Kikaanza kunitekenya kooni, machozi yananitoka, nimeuma mto kwa meno mpaka nikala pamba. Sindano ikaingia. Nikasikia kama mtu anapita kwenye mwili wangu na ufunguo, anatafuta mlango. Akaupata. Daktari akasukuma dawa polepole, polepole, ungesema anamnywesha mtoto uji. Kwenye makalio kukawa na joto, kama nimekalia jiwe la juani.

Wakanilaza chali haraka. Mtani akachukua mto akauweka chini ya kichwa na mabega yangu, kifua kikainuka. Daktari akaniinamia, safari hii hacheki. "Mto huu usiutoe. Huu ndio unaozuia dawa isipande. Lala hivihivi mpaka nikuambie."

"Sitainua hata ukucha, bwana daktari."

Joto likashuka miguuni, vidole vikaaga kimojakimoja. Nikauamuru mguu wa kulia uinuke, ukanipuuza kama mjumbe wa kodi. Daktari akachukua pini. Akanichoma unyayo. Akauliza, "Unasikia?" Hapana. Goti? Hapana. Paja? Hapana. Karibu na kitovu? Hapo nikasikia, lakini kwa mbali, kama anachomwa jirani. "Vizuri sana," akasema. "Inakwenda ninapotaka." Akaenda kwenye kona kunawa mikono kwa sabuni. Mtani akageuka kufungua kabati.

Nikabaki peke yangu juu ya meza. Shuka limekunjwa mpaka kifuani. Chini yote niko kama nilivyozaliwa, na ngiri yangu imekaa hadharani kama mgeni rasmi.

Mlango ukafunguka. Akaingia mama mmoja, amejifunga kitambaa mdomoni na kichwani, yamebaki macho tu. Amebeba sinia ya visu na mikasi, inatoa moshi. Mimi sina habari naye, nasema ni walewale wa humu. Akasimama miguuni kwangu kabisa, akasema:

"Vyombo vimechemka, bwana daktari."

Ile sauti! Sauti ya nyuma ya ukuta! Sauti iliyokuwa ikiniambia mwangaluka kila asubuhi nikiwa ugenini kwao, na mimi naitikia nikiangalia chini! Kumbe mhudumu wa chumba kile alikuwa ameamka na homa, wakaazima mtu wodi ya wazazi. Hilo niliambiwa baadaye. Wakati ule sikuwa na nafasi ya kuuliza habari za homa ya mtu. Mkwe wangu alikuwa amesimama mbele yangu, na mimi uchi.

Sasa niambie, mtu uchi mbele ya mkwe anafunika nini? Utasema kule chini. Lakini kule chini mimi sikuwepo. Kulikuwa na ganzi, hata sikuwa na hakika kama kule bado ni kwangu. Niliyekuwepo ni mimi wa juu, na wa juu ana uso. Mikono ikafanya haraka kuliko akili. Nikauchomoa ule mto chini ya kichwa nikaugandamiza usoni. Na haikutosha. Nikiwa nimejifunika, nikapiga viwiko, nikajivuta nyuma nimkimbie, kama ningekuwa njiani ningeingia porini. Nikajivuta mpaka meza ikaisha. Mabega yakatoka nje, kichwa kikaning'inia chini kama cha kuku aliyechinjwa.

Nikasikia sinia ikianguka, "kwaaa!", visu vyote sakafuni. Mama mkwe naye alikuwa amenitambua, maana nani mwingine angemkimbia vile?

"Mto! Mto!" daktari akapiga kelele kutoka kwenye kona. Mtani akaruka, akaninyakua kwapani, akanirudisha juu ya meza, akanipokonya mto akaurudisha mahali pake. Yote yalifanyika upesi, lakini kilicho kizito hakikungoja.

Nilikijua kinakuja. Mwingine asingejua, mimi nilijua. Kwanza tumbo likaondoka. Halafu mbavu, ubavu kwa ubavu, kama mtu anazima taa nyumba nzima akipita chumba kwa chumba. Daktari akanichoma pini juu ya chuchu. Nilimwona anachoma. Sikusikia. Akachoma karibu na mfupa wa shingo. Niliona tu pini inazama. Halafu vidole vya mikono, vikawa vizito kama vimevaa udongo.

Nikataka kusema, "Mtani, nakufa." Ikatoka sauti ya kifaranga.

Nikamwangalia mtani aseme neno. Atukane. Aseme Msukuma kaishiwa maneno leo, aseme ng'ombe wangu atarithi yeye. Mtani hakusema kitu. Midomo yake imekauka, macho yanakwenda kwa daktari yanarudi kwangu. Hapo ndipo niliogopa woga ambao sijauona tena maisha yangu yote. Mgogo amenyamaza! Kwenye msiba wa kwetu wenyewe, maiti iko ndani, Mgogo hanyamazi. Nikasema moyoni, basi, mimi nimeshapita hata hatua ya kutaniwa.

Na pumzi. Nitawaelezaje? Hewa ipo, mdomo upo wazi, ila hakuna anayeivuta. Shimoni ukikosa hewa unapigana, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto. Hapa hakuna vita. Kifua kimetulia kama cha mtu aliyeshiba. Nilikuwa naangalia dari, kuna mjusi mmoja, yule mjusi shingo yake inapiga "tipu, tipu," nikamwonea wivu mjusi.

Daktari sauti yake haikupanda. Akamwambia mtani aweke mablanketi chini ya miguu yangu, kisha achukue mfuko. Ulikuwa mfuko wa mpira mweusi, una kikombe cha mpira cha kufunika pua na mdomo. Ukiuminya, hewa inaingia kwa mgonjwa. Mtani akanifunika, akaminya. Hewa haikuingia. Ilikwama kooni, maana hata taya langu lilikuwa limelegea, ulimi umeanguka nyuma. Daktari mwenyewe yuko mkononi mwangu anatafuta mshipa atie dawa ya kuupa moyo nguvu, kwa kuwa moyo nao ulianza kuchelewa. Walikuwa wawili, na kazi za watu watatu.

"Mama," daktari akasema bila kuinua kichwa. "Njoo umshike taya, ulivute mbele."

Sikusikia hatua ikija.

"Mama!"

"Bwana daktari," nikaisikia ile sauti, "huyu ni mkwe wangu."

"Namjua ni nani. Njoo."

"Siwezi kumgusa. Ni mkwe wangu."

Mtani, mikono kwenye mfuko, akamgeukia. Hakuwa na utani hata chembe. "Mama, tukichelewa hapa huna mkwe. Utakuwa na maiti, na maiti utaruhusiwa kuigusa. Njoo sasa."

Mimi nasikia yote. Hilo ndilo baya la sindano ile, masikio yanabaki. Nilitaka kumwambia, mayu, yaani mama kwa Kisukuma, usije, afadhali nife na heshima zangu. Halafu nikataka kumwambia, mayu, kimbia, njoo upesi, heshima tutazitafuta baadaye. Sikuweza kusema hata moja. Na chumba kikaanza kuingia giza pembeni, mjusi akaniponyoka.

Ikaja mikono. Migumu, ina harufu ya sabuni na maji ya moto. Ikanishika nyuma ya taya, ikavuta kwa nguvu kama anayeng'oa muhogo. Mtani akaminya mfuko. "Fuuu." Kifua kikainuka! Sikusikia kikiinuka, nilikiona tu mwenyewe, kama cha mtu mwingine, kimeinuka.

"Tena," akasema daktari.

"Fuuu."

Kitambaa chake cha mdomo kilikuwa kimetelemka shingoni. Basi nikamwona. Alikuwa ameinama juu yangu, uso kwa uso, kichwa chini miguu juu kama tunavyoonana kwenye maji. Nyusi zake zilikuwa nyusi za mke wangu. Nilitaka kufumba macho kwa adabu, nikaogopa nikifumba sitafumbua. Nikamkodolea mkwe wangu macho kama chura. Naye akanikodolea.

"Vuta, mwanangu," akasema.

Siwezi, nikasema kwa macho.

"Vuta. Mwanangu ana mimba yako tumboni. Usimwachie mtoto asiye na baba. Vuta!" Na kila mtani akiminya, yeye mwenyewe anavuta hewa puani kwa nguvu, mabega juu, kama vile akivuta yeye nitapata mimi. "Fuuu" na yeye anavuta. "Fuuu" na yeye anavuta. Jasho lake likawa linanidondokea kwenye paji la uso. Jasho la mkwe! Wazee wangesikia wangekaa kikao mpaka mvua za mwaka unaofuata.

Sijui tulikaa vile kiasi gani. Mimi ukiniuliza nitasema mavuno mawili. Nilikuwa nikitoka kwenye lile giza narudi, nikirudi nakuta mikono iko palepale. Daktari alikuwa ananiambia, "Itapungua. Ganzi inapanda, lakini na kushuka inashuka. Wewe tulia, sisi tunavuta." Akaongeza, nafikiri ili anifurahishe, "Ungepata ile dawa ya mtu mrefu na nusu uliyoitaka, leo tungekuwa na kazi kweli." Sikufurahi.

Halafu kidole gumba cha kushoto kikasikia baridi ya meza. Kidole kimoja tu. Nikakitikisa.

"Ametikisa!" mama akasema.

"Ameniona ninavyochoka akanihurumia," akasema mtani, na mimi niliposikia huo utani machozi yalinitoka mpaka masikioni. Nikavuta pumzi ndogo, mwenyewe, kama ya panya. Nikavuta nyingine. Mtani akafuatisha, nikivuta anaminya, nikivuta anaminya.

Na hapohapo mama mkwe, taya hajaliachia, akageuza uso wake ukutani. Kumbe alikuwa anangoja nipumue tu. Mikono kwangu, macho kwenye chokaa.

Daktari akasubiri mpaka nikaweza kusema. Akaniuliza, "Nipasue leo, au tuache?" Akaeleza kwamba ganzi ya chini bado imeshika vizuri, tukiiacha itabidi turudie sindano siku nyingine. Kusikia kurudia, nikapata sauti ya dume. "Pasua! Pasua na kingine chochote utakachokikuta!" Akapasua, akashona. Mama akabaki pale kichwani na taya langu muda wote, amekodolea ukuta kama anausoma, na mimi nasoma dari.

Wakanirudisha wodini, na huko ndiko woga ulikohamia. Mtani akauondoa mto, akanilaza chali, bapa kama mkeka. Nikapiga kelele. "Mto! Nirudishie mto! Inapanda!"

"Daktari kasema ulale bila mto, usije ukaumwa kichwa," mtani akasema.

"Asubuhi amesema nisitoe mto, mchana anasema nisiweke! Mnataka kuniua kwa zamu?"

Daktari mwenyewe akaja. Akanieleza kwamba ile dawa inatembea mwanzoni tu, ikishashika haitembei tena, inabaki ilipo mpaka iishe. Nikamwitikia ndiyo, bwana daktari. Sikumwamini hata kidogo. Alipotoka nikaanza kujichunga. Nasema nikilala usingizi, nani atakayekumbuka kuvuta? Asubuhi pumzi ilikuwa imenisahau nikiwa macho, sembuse nikisinzia! Macho yanakuwa mazito, nashtuka. Yanakuwa mazito, nashtuka tena, nagusa kifua kama naangalia mwizi kama amepita.

Alasiri nikasikia mtu anaburuta kiti upande wa pili wa pazia, lile pazia la kutenganisha vitanda. Akakaa. Nikaona chini ya pazia miguu ya mama wa makamo, imevaa makubazi.

"Wameniambia hutaki kulala," ikasema ile sauti.

Nikaangalia juu, kwa adabu. "Naogopa, mayu."

"Unaogopa nini?"

"Nikilala sitavuta."

"Na mimi naogopa," akasema. "Wodini nimevunja kikombe."

Sikujua mkwe naye huogopa.

"Lala," akasema. "Mimi nitasikiliza. Ukinyamaza nitakuita."

"Utasikia toka huko?"

"Vuta kwa sauti, nisikie."

Nikavuta kwa sauti. Nikavuta kama mvukuto wa mhunzi, puani na mdomoni, wagonjwa wa vitanda vya mbali wakainuka kuangalia. Nikipunguza kidogo, upande wa pili wa pazia unasema, "Ee?" Navuta tena. Macho yakaanza kufumba.

Mtani akaingia na dawa za jioni, akasimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni, "Nani kaingiza gari moshi wodini?"

Sikumjibu. Nilikuwa na kazi.